Mambo ya Nyumbani: Mkono wa Krismasi

Mwezi wa Desemba umeingia, kaskazi imeanza kuvuma, maembe yaanguka usiku juu ya mabati, na katika nyumba za Wakristo wa pwani hii akina mama wamekwisha kuanza kuhesabu vibaba vya mchele. Mwezi huu twataka kusema habari za watoto, wala si watoto wetu peke yao, bali wote wanaopiga hodi mlangoni asubuhi ya Krismasi.

Mwalimu mmoja aliyehamishwa kutoka bara, akaja kufundisha upande wa Kiswere, ametuletea swali. Asema kwamba katika Krismasi yake ya kwanza huku, aliporudi kutoka ibadani aliikuta baraza yake imejaa watoto. Wameoga, wamepakwa mafuta, wavulana wamevaa kanzu na kofia, wasichana wana hina mikononi. Wakamwamkia wote pamoja, kisha wakasimama kimya wakimtazama. Yeye hakujua wangoja nini. Mkubwa wao akamsaidia, akasema, "Mwalimu, tumekuja kuchukua mkono wa sikukuu." Akawatazama nyuso, akaona wote ni watoto wa Kiislamu, wanafunzi wake wa darasa la pili na la tatu. Basi auliza: Je, yafaa kuwapa? Na tukiwapa, sikukuu yetu haitageuka kuwa Idi yenye jina jingine? Na mwanawe, aliye Mkristo peke yake darasani, afundishwe nini juu ya jambo hili?

Swali lake ni jema, nasi twadhani si yeye peke yake mwenye kuuliza.

Kwanza ajue kwamba watoto wale hawakumfanyia utani, wala hawakuwa ombaomba. Katika pwani yote, tangu Lamu hata Lindi na kupita, mtoto huvaa nguo zake njema siku ya Idi, akaenda nyumba hata nyumba kuwaamkia wakubwa, na kila mkubwa humpa kitu kidogo mkononi. Kitu hicho huitwa mkono wa Idi. Zamani kilikuwa senti. Leo ni sarafu ya shilingi 100 au 200, na kwa mwenye nacho shilingi 500. Asiye na fedha hutoa visheti, au kashata, au kaimati mbili katika karatasi. Wakristo walipokuja kukaa katika mitaa hii, walimu, waganga, watumishi wa serikali, wachuuzi na wavuvi, watoto hawakuona sababu ya kuipita nyumba yenye sikukuu kwa kuwa sikukuu yake ina jina jingine. Ndivyo mkono wa Krismasi ulivyopatikana. Hakuna baraza iliyokaa ikauamuru; watoto ndio walioufanya kwa miguu yao.

Tena mambo haya huenda pande zote mbili. Siku ya Idi sahani huja nyumbani kwa Mkristo, imefunikwa kawa, na chini ya kawa pana pilau na kipande cha nyama kilicho kikubwa kuliko vile walivyojiwekea wenyewe. Sahani ya jirani hairudi tupu, jambo hilo kila mtoto wa pwani hulijua kabla hajajua kusoma. Ikiwa nyumbani hamna kitu siku ile, hurudi na maembe au chumvi kidogo. Na Krismasi ikifika, sahani ile ile huenda njia ile ile. Mama mmoja alituambia kwamba katika kabati lake hajui tena ni sahani zipi zake na zipi za jirani, wala hana haja ya kujua.

Sasa tulijibu swali lenyewe. Twasema: awape, na awape wote sawasawa, bila kuuliza baba wa huyu ni nani.

Hatusemi hivi kwa kuwa ni desturi tu, maana ziko desturi tulizoziacha nasi hatuzililii. Twasema kwa kuwa Krismasi ya watoto katika nchi hizi ilianza na watoto ambao baba zao hawakujulikana. Mwaka 1864 Askofu Tozer alipofika Unguja, Sultani Majid alimpa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa misheni ile. Baada yao walikuja wengine wengi, waliokamatwa baharini na manowari za Waingereza. Wavulana wakawekwa Kiungani na wasichana Mbweni. Wengi wao walikuwa wametoka nyuma ya pwani yetu hii, Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa, wakapitishwa njia za Kilwa na Lindi wakiwa wadogo. Walipoketi kula karamu ya kuzaliwa Bwana, hapakuwa na aliyeweza kusema, "Wewe ni mtoto wa Mkristo, karibu, wewe si wa Mkristo, kaa nje." Wangalisema hivyo, karamu isingalikuwa na mlaji hata mmoja.

Wasomaji wengi wajua kwamba kanisa la Mkunazini lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, na kwamba soko hilo lilifungwa mwezi wa Juni mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia mkono mkataba na Waingereza. Lakini huenda hawajui kwamba jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka ule ule, na kwamba kanisa lilifunguliwa siku ya Krismasi ya mwaka 1879, Steere akiwa ndiye askofu. Naye Steere ndiye aliyewaongoza watu waliokombolewa, mwaka 1876, akawatoa Unguja, wakashuka Lindi, wakapanda mpaka Masasi, na Krismasi ya mwaka huo ikawakuta huko mwituni wakikata miti ya kujenga. Walikuwa wageni kati ya watu wasiokuwa Wakristo, kama mwalimu wetu alivyo leo, ila wao hawakuwa na baraza ya kujaa watoto.

Basi mlango ni wa wote. Yako lakini mambo ya nyumbani yanayotaka busara, na kubwa miongoni mwayo ni nyama.

Jirani zetu hawali nyama isiyochinjwa na Mwislamu, ndivyo ilivyo desturi ya nchi hii. Kwao ni kibudu, hata kuku awe amenona namna gani. Kwa hiyo, tangu zamani, Mkristo wa pwani atakaye kupeleka sahani humwita jirani mapema, mkesha wa sikukuu au alfajiri, naye huja na kisu chake, akachinja kuku au mbuzi, akanawa mikono, akapewa kahawa. Nyama ile italiwa na nyumba zote. Wako Wakristo, hata walimu wa dini, wanaonung'unika: "Je, mimi sina mikono? Kuku wangu, uwanja wangu, sikukuu yangu, kisha nimwite mtu wa dini nyingine anichinjie?" Twafahamu uchungu wao, wala hatuucheki. Ugomvi wa neno hili si mchezo. Mwaka 2013 huko Geita uliwafanya watu waliokuwa majirani wachukuliane mapanga, na mtu akafa.

Nasi twaona hivi. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho na Warumi habari ndefu juu ya nyama, na atakaye akazisome tena jioni pamoja na nyumba yake. Yeye mwenyewe hakuona nyama kuwa na neno, bali aliona ndugu aliyekaa naye mezani kuwa na neno. Anayempa jirani kisu hapotezi kitu cha imani yake. Kuku hana ubatizo. Apotezacho ni fahari kidogo. Lakini asiyemwita, akapika, kisha akapeleka sahani bila kusema, huyo amefanya ubaya, maana amemlisha mtu kwa hila kitu ambacho moyo wake wakikataa. Kama hutaki kuita jirani, ni haki yako, ila basi usipeleke nyama. Peleka mkate wa mchele, au maandazi, au wali wa nazi na samaki. Pwani ya Kiswere haijapungukiwa na samaki hata tufike mahali pa kugombana kwa ajili ya kuku.

Hapo pana jambo dogo ambalo akina mama waliotoka bara husahau. Sufuria iliyopikiwa nyama ya nguruwe haifai kupikia sahani ya jirani, hata ikisuguliwa kwa mchanga na majivu. Nunua sufuria moja ya kupikia majirani, uiweke mbali. Tena mtoto akiulizwa njiani, "Nani amechinja?" awe na jibu la kweli. Watoto huulizana, nao hawafichi.

Na ikiwa jirani amefundishwa na mwalimu wake kwamba asile chakula cha sikukuu yetu, asishurutishwe, wala asifanyiwe uso wa kununa. Wako wasemao hivyo siku hizi, kama walivyo Wakristo wasiogusa sahani ya Idi. Mpe mkono, mwulize hali, mpelekee embe siku nyingine isiyo sikukuu.

Tumeambiwa pia habari ya watu wanaotia karatasi za mahubiri chini ya kawa, pamoja na pilau. Wafanyao hivyo hudhani wamefanya werevu. Sisi twakaa na wavuvi, nao wajua tofauti kati ya chakula na chambo. Chambo ni chakula chenye ndoana ndani. Jirani akiitambua ndoana mara moja, sahani zote zitakazofuata atazipekua kabla ya kula, hata zile zilizopelekwa kwa moyo mweupe. Mtu akitaka kujua imani yetu ataulizia, nasi tutamjibu mchana, kwa kinywa.

Sasa nguo. Hapa twataka kukaa kidogo, kwa sababu furaha ya watoto wengi huharibikia hapa, nasi wazazi hatuoni.

Mtoto asiye na nguo mpya hatoki. Utamkuta nyuma ya mlango, asema tumbo lamuuma. Wenzake wapita wakimwita, naye ajibu kwa sauti ndogo kwamba ametumwa. Tumbo halimuumi, hakutumwa. Ana shati la mwaka jana, basi. Na mara nyingi kosa si la baba yake. Mikoa hii yetu hukaa kwa korosho na ufuta, na fedha ya korosho ina majira yake isiyoyafuata siku zote. Mwaka 2018 serikali ilitangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Krismasi ikawafikia wakulima wengi wa Lindi na Mtwara wakali wakingoja malipo. Mwaka ule watu wazima waliweza kuelezana habari za maghala na benki. Mtoto wa miaka sita huwezi kumweleza ghala.

Kwa hiyo twawaomba wazazi wenye nacho wasiwavike watoto wao kama bibi arusi. Gauni moja safi latosha. Afadhali mama wawili watatu wa mtaa mmoja wanunue jora moja la kitambaa, wakashona watoto wote namna moja, pamoja na yule ambaye mama yake hakuchanga. Ikiwa wote wamevaa sare, nani atajua nani amelipa? Fundi cherehani aambiwe mapema, mwezi wa Novemba, maana wiki ya mwisho mafundi huahidi kila mtu wala hawamalizii mtu. Na atakayempa nguo mtoto wa maskini asimpe barazani mbele za watu. Hadithi ya kale yamsimulia Mtakatifu Nikolao, askofu wa Myra, nchi iitwayo leo Uturuki, kwamba alipotaka kumsaidia baba maskini mwenye binti watatu, alitupa fedha ndani ya nyumba usiku akaenda zake. Huko Ulaya watu wengi wamemfanya mzee mnene wa nguo nyekundu, na picha yake sasa yafika hata maduka ya Lindi, amevaa manyoya katika joto letu. Sisi twapendezwa zaidi na yule wa usiku.

Juu ya fedha ya mkono hatuna mengi. Badilisha noti dukani siku mbili kabla, kwani siku yenyewe wenye maduka hawana chenji. Toa sarafu za namna moja tu, zote katika bakuli. Mkubwa asipewe zaidi kwa kuwa ni mkubwa, wala mwanafunzi hodari kwa kuwa ni hodari. Zikiisha, sema zimeisha, uwape maji ya maembe. Watoto hawachukizwi na bakuli tupu. Huchukizwa na mtu anayejifungia ndani huku redio yalia.

Tena pombe isionekane nyumbani saa za watoto. Watoto hawa hupewa ruhusa na mama zao kuingia katika nyumba zetu kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba mama zao wana imani nasi. Baba mmoja akilewa barazani, mwaka ujao mtaa mzima watawazuia watoto, nasi tutastahili.

Mwalimu aliuliza pia juu ya mwanawe. Twamshauri asimfungie nyumbani kumlinda na wenzake, wala asimweke kama mtoto wa sultani anayegawa sadaka. Amtoe pamoja na wale wale. Azunguke nao, aamkie wazee nyumba zote zilizo na sikukuu na zisizo nayo, apokee akipewa, na wakirudi kwake awe yeye mwenye kushika bakuli. Watoto wakiuliza sikukuu hii ni ya nini, na aseme mwenyewe: leo ni siku aliyozaliwa Yesu. Watamwelewa, maana Isa bin Mariamu jina lake walijua tangu chuoni. Mti mkubwa wenye maua mekundu, uliotoka Bukini, huchanua wakati huu katika viwanja vya shule nyingi. Na wakate maua yake, au tawi la mvinje kutoka ufukoni, walisimamishe katika debe la mchanga, walipambe kwa karatasi za rangi kama wapendavyo. Wakipamba pamoja hawatalivunja.

Alasiri, watoto wakitaka kwenda pwani kuogelea, mtu mzima mmoja aende nao. Mwenye kujua maji ndiye aende, na atazame kama ni bamvua.

Limebaki neno moja, nalo ni la miaka ijayo. Mwaka wa Waislamu ni mfupi kuliko wetu kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Ramadhani huzunguka, na kila baada ya miaka 33 hivi huikuta Krismasi. Ilikuwa hivyo mwaka 1998, 1999 na 2000. Miaka ile watoto hawakupita asubuhi, wala sahani hazikupelekwa mchana. Jambo likawa hivi: chakula kikapikwa alasiri, sahani zikaondoka magharibi adhana ikiisha, zikafika kwa jirani wakati wa futari, moto. Na mwaka 2000 Idi ilifuata siku mbili tatu tu baada ya Krismasi. Mwaka 2015 ilikuwa zamu ya Maulidi, nayo ikafuatana na Krismasi.

Jambo hilo larudi. Kwa hesabu ya mwezi, Ramadhani yatazamiwa kuanza yapata tarehe 26 Desemba mwaka 2030, yaani kesho yake ya Krismasi. Na mwaka 2031 na 2032 Krismasi itakuwa ndani ya mfungo. Nyumba zetu zijue kwamba siku hizo haifai watoto wetu wakae barazani wakitafuna kuku mbele ya wenzao waliofunga, na kwamba mkono waweza kutolewa usiku, baada ya tarawehe, taa zikiwaka. Mwaka 2033 Idi yatazamiwa kutangulia Krismasi kwa siku mbili hivi, na watoto watapokea mikono miwili katika juma moja. Akina mama waliokuwa wakipika mwaka 2000 bado wapo katika mitaa mingi. Na waulizwe mapema walivyopanga mchele wao.